Je, wajua kwa nini bwawa dogo la shamba linaweza kuitwa la hatari kubwa?

Mwenye shamba akiambiwa bwawa lake limewekwa daraja la hatari kubwa, hukasirika. Tuta ni zima, nyasi zimefyekwa, halijawahi kuvuja. Hatari iko wapi? Iko nje ya ua wake, kule bondeni maji yatakakopitia siku tuta likikatika.

Marekani, ambako mabwawa mengi yaliyosajiliwa ni ya udongo na ni mali ya watu binafsi, daraja hutegemea madhara ya bwawa kupasuka. Ikitarajiwa kwamba mtu atakufa, hata mmoja, hiyo ni hatari kubwa. Yakiharibika mali na miundombinu tu, ni ya kati. Maji yakiishia kwenye malisho ya mwenyewe, ni ndogo. Uimara wa tuta hupimwa kando. Kwa hiyo bwawa laweza kupanda daraja bila kuguswa: jirani wa chini akikata ploti na watu wakajenga, limeshapanda.

Kenya, kanuni za maji za 2007 ziliyagawa mabwawa katika madaraja A, B na C kwa kina cha maji, ujazo, na ukubwa wa eneo linaloleta maji ya mvua bwawani. Lenye kina kisichofika mita 5 na ujazo usiofika mita za ujazo 100,000 lilikuwa la A, la chini kabisa. Ni rahisi kupima hivyo, lakini kwa maoni yangu kipimo hicho peke yake hakitoshi. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani nzima. Hata bwawa la mita za ujazo 20,000 ni tani 20,000 zilizokaa juu ya nyumba za watu.

Solai, kaunti ya Nakuru, walilijua hilo usiku wa tarehe 9 Mei 2018. Baada ya mvua kubwa za masika, bwawa la udongo la shamba binafsi lilipasuka mlimani, na watu wasiopungua 47 wakafa. Na Mai Mahiu, Aprili 2024, hapakuwa hata na bwawa: kalavati chini ya tuta la reli liliziba kwa takataka, maji yakajaa nyuma yake, kisha yakafyatuka usiku. Tuta lile halikuwa kwenye orodha ya mabwawa.

Udongo una maadui wawili wakuu. Wa kwanza ni maji kupita juu. Njia ya kutolea maji ya ziada ikiwa nyembamba, au imeziba kwa matete, maji hufurika juu ya tuta na kulikata kama kisu. Saruji huweza kustahimili hali hiyo kwa muda, udongo hauwezi.

Wa pili hujificha. Maji hufuata mashimo ya fuko na mchwa, mizizi ya miti iliyooza (usipande mkaratusi juu ya tuta, hata kama kivuli ni kizuri), au pembeni mwa bomba lililopita tutani, yakibeba udongo kidogo kidogo hadi ndani panabaki uwazi.

Kwa hiyo angalia rangi. Maji maangavu yanayochuruzika chini ya tuta, yasiyoongezeka, ni ya kufuatilia na kumwonyesha mhandisi. Yakianza kutoka na tope, walio bondeni wahamishwe kwanza, mhandisi aitwe baadaye.