Metali ikipigwa na mpigo wa sumakuumeme

Mpigo wa sumakuumeme ni mawimbi ya redio yanayotolewa kwa muda mfupi mno, pengine nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) chache, kisha yakakatwa. Ukikuta kitu cha metali, nguvu yake husambaa pande mbalimbali. Huo ndio mtawanyiko, na rada huishi kwa huo.

Wengi huuwazia kama mpira unaodunda ukutani, na picha hiyo huficha jambo lenyewe. Metali imejaa elektroni huru, yaani chembe ndogo zenye chaji ya umeme. Uga wa umeme wa mpigo ukifika huzisukuma, mkondo ukaanza kwenda na kurudi juu juu tu: kwenye shaba, kwa masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ya gigahezi 1, yaani bilioni moja, mwingi wake hukaa ndani ya kina cha mikromita 2 hivi, elfu mbili za milimita. Mkondo unaobadilika nao hutoa mawimbi. Mwangwi tunaoupokea, basi, umetengenezwa na kitu chenyewe, ndiyo maana hubeba habari za umbo lake.

Chukua tufe la metali lenye nusukipenyo cha sentimita 15. Mwangwi wa kwanza hutoka upande unaoitazama rada. Nyuma yake huja wa pili, hafifu: wimbi lililotambaa kuzunguka mgongo wa tufe likarudi. Safari hiyo ya ziada ni nusukipenyo mara 5.14 (mara 2 kwa kufika ubavuni na kurudi, mara 3.14 kwa kuzunguka mgongo), yaani sentimita 77, kwa hiyo, kwa kasi ya mwanga, huchelewa takriban nanosekunde 2.6. Pima uchelewaji huo, umeshajua ukubwa wa tufe bila kuligusa. Kwangu mimi utamu wa somo uko hapa. Ila mpigo lazima uwe mfupi, la sivyo miangwi miwili hupandana.

Urefu nao una neno. Ukanda mwembamba wa metali wenye nusu ya urefu wa wimbi (umbali kati ya kilele kimoja cha wimbi na kinachofuata) huitikia kwa nguvu kupita ukubwa wake. Usiku wa tarehe 24 Julai 1943, ndege za Uingereza zikienda kuishambulia Hamburg zilimwaga vipande vya alumini vilivyokatwa karibu na nusu ya wimbi la rada za Würzburg za Wajerumani, wimbi la sentimita 54 hivi. Skrini zikajaa miangwi ya uongo, ndege halisi zikapotea humo.

Mpigo mfupi hubeba masafa mengi kwa pamoja, na ukishapita, mkondo huendelea kutetema kwa masafa ya kitu hicho hadi ufifie. Mhandisi Carl Baum wa Marekani aliliwekea jambo hili hesabu mwaka 1971: masafa hayo na kasi ya kufifia hutokana na kitu peke yake, mpigo utoke upande wowote, kinachobadilika ni nguvu ya kila mtetemo.