Je, wajua kwa nini kipanga wa kuwindia hatoroki?

Juzi uani kwa baba mdogo, Pasua hapa Moshi, mwewe alishuka katikati ya kamba ya nguo na banda, akanyakua kifaranga na kupotea juu ya migomba kabla mama mdogo hajamaliza kupiga kelele. Mwanangu akauliza: "Babu, yule tukimfuga si atatuwindia?"

Baba mdogo akaingia ndani, akatoka na glavu moja nene ya ngozi, ya mkono wa kushoto. Aliwahi kufanya kazi Abu Dhabi, akihudumia vipanga wa kuwindia. Huko ndege hao wana hospitali yao, na wakisafiri nje ya nchi wanakuwa na pasipoti.

Mimi swali langu lilikuwa jingine. Ndege anaachiwa, mbingu yote ni yake. Nini kinamrudisha?

"Mizani," akajibu.

Kipanga hupimwa uzito kila siku kabla ya kurushwa. Kwa ndege mdogo, gramu chache tu zinabadili mambo. Akishiba, atakwenda kukaa juu ya mti akutazame unavyomwita hadi jioni. Akikonda mno, anaishiwa nguvu na anaweza kufa. Unatafutwa ule uzito ambao ana nguvu zake zote na bado ana hamu ya kula. Wahenga walisema juu ya kozi, ndege wa jamii ya vipanga: kozi mwana mandanda, kulala na njaa kupenda. Kozi wa kuwindia hana hiari hiyo, njaa yake hupangwa na mtu, na kwangu hapo ndipo penye dhamana kubwa.

Wengi hudhani ndege huyu anampenda bwana wake kama mbwa. Sivyo. Mbwa kwa asili huishi kwa kundi na humfuata mkubwa wake. Vipanga wengi huwinda peke yao, hawajui cha mkubwa wala cha adhabu. Ukimpiga, umempoteza. Kila anachojifunza hujifunza kwa nyama. Siku za mwanzo anakaa mkononi, penye mwanga hafifu, hadi akubali kuinamisha kichwa na kula mbele ya mtu. Kuinama huko si jambo dogo, kwani ndege mwenye hofu hathubutu kuondoa macho kwako. Baadaye anaruka hatua moja kufuata nyama kwenye glavu, kisha mita kadhaa akiwa na kamba ndefu mguuni, mpaka siku kamba inapofunguliwa. Kofia ndogo ya ngozi inayomziba macho humtuliza, maana asichokiona hakimshtui.

Pagumu zaidi ni baada ya kukamata. Ndege yuko chini, amelifunika windo kwa mabawa. Ukimpokonya, kesho atalibeba aende nalo mbali. Baba mdogo alipiga magoti pale uani kutuonyesha. Mkono wenye glavu na nyama unasogea taratibu hadi kwenye kucha, ndege anapanda kula, na mkono wa kulia unalitia windo mfukoni bila yeye kuona. Kwa hesabu zake hajaibiwa kitu. Amepata chakula, na mtu aliyemkurupushia windo vichakani ni yule yule. Kozi huzoea kuzunguka juu akimsubiri mtu huyo, halafu hujitupa chini kwa kasi inayoweza kupita kilomita 300 kwa saa.

Zamani Mabedui, Waarabu wa jangwani wenye kuhamahama, waliwanasa vipanga waliokuwa wakihama, wakawinda nao majira ya baridi, kisha wakawaachia waende zao. Hilo linanigusa kuliko yote. Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza uwindaji huu katika orodha ya urithi wa binadamu.

"Na mwewe wetu, babu?"

"Yule amezoea kuokota mizoga na mabaki sokoni, mjukuu wangu. Na kumnasa ndege wa porini bila kibali ni kosa, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 imekataza."

Mama mdogo alikuwa ameshawafunika vifaranga waliobaki kwa tenga, na juu yake ameweka jiwe.