Mafaili Makubwa Ndani ya Git: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Tangu mwaka 2016, ndege zisizo na rubani zilipoanza kupiga picha za Unguja na Pemba kwa ajili ya ramani, si ajabu kumkuta kijana anayetengeneza programu za ramani ameweka msimbo na picha za angani katika hazina moja (folda ya mradi) ya Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili. Hapo ndipo dhana zinapoanza kugharimu.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba faili likifutwa, hazina nayo inapungua. Sivyo. Git hutunza kila toleo lililowahi kukomitiwa, yaani kuwekwa rasmi katika historia, kwa hiyo picha ya Mji Mkongwe yenye megabaiti 80, iliyoingizwa leo na kuondolewa kesho kwa amri ya git rm, hubaki ndani ya folda ya .git inakokaa historia hiyo, na mwenzako aliyeko Wete anayetegemea bando la simu ataishusha yote siku atakapoinakili hazina hiyo kwa njia ya kawaida. Kuing'oa kabisa kunahitaji zana kama git filter-repo, ambayo huandika upya historia na kubadilisha vitambulisho vya komiti zote zilizofuata, hata ikawalazimu wenzako kuacha nakala zao na kuchukua mpya.

Wengine husema Git huhifadhi tofauti tu baina ya matoleo. Kwa maandishi, dhana hiyo inakaribia ukweli, kwa kuwa Git inapofungasha data hutafuta yanayofanana. Lakini JPEG, MP4 na zip zimeshabanwa tayari, hivyo rekebisho dogo hubadilisha sehemu kubwa ya baiti, na picha ya megabaiti 20 iliyohaririwa mara kumi inaweza kukaribia megabaiti 200.

Ipo pia imani kwamba Git LFS, nyongeza ya Git ya kushughulikia mafaili makubwa, humaliza kila kitu. LFS huacha katika hazina kiashirio cha mistari mitatu: toleo la kanuni, alama ya sha256 (inayokokotolewa kutokana na faili ili kulitambua) na ukubwa wa faili; faili lenyewe hukaa kwenye seva. Asiyeisakinisha hupata maandishi hayo badala ya picha, akadhani faili limeharibika. Isitoshe, kuiwasha leo hakugusi historia ya jana, mpaka utumie amri ya git lfs migrate import, inayoandika upya historia.

GitHub, tovuti ya kuhifadhi hazina za Git, nayo hukataa faili linalozidi megabaiti 100, ila mafaili kumi ya megabaiti 40 hupita kimya. Kwa maoni yangu, picha ghafi za angani zisiingie kabisa: ziandikwe katika .gitignore (orodha ya mafaili ambayo Git huyapuuza) kabla ya komiti ya kwanza, zihifadhiwe kwingine, na hazina ibaki na anwani zake pamoja na sha256.