Kwa Nini Barafu ya Kilimanjaro Hutoweka Pasipo Kuacha Maji?

Mpandaji anayeondoka kambi ya Barafu usiku wa manane (kambi ambayo, licha ya jina lake, ni mawe matupu) hufika Stella Point, mita 5,756 juu ya usawa wa bahari, wakati mashariki kunaanza kupambazuka. Kutoka hapo huambaa na ukingo wa kreta (shimo la volkano) ya Kibo, kilele kirefu zaidi cha Kilimanjaro, kwa muda wa kama saa moja hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895. Upande wake wa kushoto husimama kuta za barafu, nyingine ndefu kuliko nyumba ya ghorofa, zilizochongeka wima kana kwamba zimekatwa kwa msumeno. Karibu kila mtu husimama kuzipiga picha. Ni wachache wanaotazama chini na kugundua kwamba viatu vyao vinatifua vumbi, tena vumbi kavu kabisa, hatua chache tu kutoka kwenye barafu ambayo dunia nzima imeambiwa kwamba inayeyuka.

Mimi sikuwa miongoni mwa hao wachache. Nilipiga picha yangu kama wengine, na niliporudi kambini nikaandika chini yake kwamba hii ndiyo barafu inayoyeyuka mbele ya macho yetu. Mwongozaji wetu aliyasoma maneno hayo, akanirudishia simu na kuuliza kwa upole: “Ikiwa inayeyuka, ndugu yangu, maji yake yanakwenda wapi?” Nilijibu kwamba bila shaka yanazama mchangani. Lilikuwa jibu la mtu anayebuni.

Kosa langu lilitokana na picha ambayo wengi wetu tunayo kichwani, ile ya kipande cha barafu kilichowekwa mezani siku ya joto, kikatoa jasho, kikapungua, kikaacha kidimbwi. Picha hiyo inahitaji jambo moja ambalo kilele cha Kibo hakina, nalo ni hewa yenye joto linalozidi nyuzi sifuri za Selsiasi. Tangu mwaka 2000 kuna kituo cha kupima hali ya hewa kilichosimikwa juu ya Uwanda wa Barafu wa Kaskazini, na vipimo vyake vinaonyesha wastani wa nyuzi 7 hivi chini ya sifuri kwa mwaka. Kwa kuwa mlima uko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, wastani huo haubadiliki sana kati ya mwezi na mwezi. Kinachobadilika sana ni joto kati ya usiku na mchana. Kwa hiyo ile hoja rahisi, kwamba hewa imepata joto na barafu ikayeyuka kama inavyoyeyuka mezani, haisimami yenyewe. Hewa ya kileleni inaweza kuongezeka joto kwa nyuzi moja au mbili na bado ikabaki hewa ya kugandisha maji kwenye chupa, jambo ambalo kila aliyebeba chupa usiku ule analijua vizuri.

Kosa hilo lina ndugu yake, nalo nililiamini pia: kwamba barafu ilianza kupungua juzijuzi, enzi za magari na viwanda vingi. Mjerumani Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, raia wa Austria, walipofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, iliwabidi wachonge ngazi kwa shoka katika barafu iliyofunika mteremko hadi ukingo wa kreta. Meyer aliporudi mwaka 1898 alikuta barafu imekwisha kurudi nyuma kiasi cha kumshangaza. Ramani iliyochorwa mwaka 1912 inaonyesha takriban kilometa za mraba 12 za barafu. Kufikia mwaka 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Leo anayepanda kwa njia ya Marangu anaweza kufika ukingo wa kreta pasipo kukanyaga barafu hata mara moja.

Tulirudie swali la mwongozaji. Jibu lake fupi ni kwamba sehemu kubwa ya maji hayo huenda hewani. Barafu inaweza kugeuka mvuke moja kwa moja, ikiruka ile hatua ya kuwa maji, na jambo hili halihitaji mlima. Wanaohifadhi nguo kabatini kwa vidonge vyeupe vya naftalini wamelishuhudia: kidonge huwekwa kikiwa mviringo kamili, baada ya miezi kadhaa kinakuwa kama punje, na nguo hazina hata tone la unyevu. Hakuna aliyekiona kikiyeyuka, kwa sababu hakikuyeyuka. Kilitoka kwenye ugumu kikaingia hewani, na harufu iliyojaa kabatini ndiyo kidonge chenyewe kikisafiri. Barafu iliyosahauliwa ndani ya friza hufanya vivyo hivyo. Vipande vyake husinyaa na kupoteza kona zake, ilhali friza haikuzimwa hata siku moja.

Kinachoharakisha safari hiyo ni ukavu, wepesi wa hewa na upepo. Nguo iliyoanikwa siku ya baridi yenye upepo mkavu hukauka mapema kuliko ile iliyoanikwa siku ya joto lenye mvuke mzito, kwa sababu hewa ambayo haijashiba unyevu iko tayari kupokea zaidi. Kileleni hewa ni nyepesi, kanieneo yake ni kama nusu ya ile ya pwani, na kwa muda mwingi wa mwaka ni kavu mno. Mpandaji hubeba ushahidi wa hali hiyo usoni mwake: midomo iliyopasuka, koo linalowasha na kikohozi kikavu kinachoanza bila mafua. Anapumua kwa kasi, na kila pumzi inatoka na maji ya mwili wake pasipo yeye kutoa jasho. Mwili na ukuta wa barafu, kwa kiasi fulani, vinanyonywa na hewa ileile.

Hadi hapa nilikuwa nimeridhika, na kwa muda mrefu niliwasahihisha wengine kwa bidii ya mtu aliyesahihishwa karibuni: barafu ya Kilimanjaro haiyeyuki, inakuwa mvuke. Nalo hilo likawa kosa, tena la kuvutia zaidi kuliko lile la kwanza.

Kuna suala la bei. Kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyokwisha kufikia nyuzi sifuri kunahitaji kilojuli 334 za nishati. Kuigeuza kilo hiyohiyo kuwa mvuke kunahitaji takriban kilojuli 2,830, yaani mara nane na nusu zaidi. Tufikirie barafu ni shehena ya magunia ghalani, na jua ni mnunuzi anayekuja kila asubuhi na fedha zilezile. Ghala lina milango miwili. Mlango wa kuyeyuka unauza kwa bei nafuu, mlango wa mvuke unauza kwa bei mara nane na nusu. Mnunuzi akipita mlango wa kwanza huondoka na magunia nane na nusu. Akilazimika kupita wa pili huondoka na gunia moja. Kileleni, juu ya sehemu tambarare za barafu, baridi na ukavu hufunga mlango wa kwanza kwa muda mwingi, hivyo jua la tropiki linaloweza kuunguza ngozi ya mtu kwa saa chache huishia kununua kidogo sana. Kwa maneno mengine, kugeuka mvuke hakuelezi tu kwa nini hatuoni maji. Kunaeleza pia kwa nini barafu imeweza kukaa mahali palipo karibu na ikweta kwa miaka mingi kiasi hicho. Ile njia niliyoidhani kuwa ndiyo mharibifu mkuu ni njia ya upotevu wa polepole.

Kwa nini basi shehena inakwisha? Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye mzigo unaoingia, kwa kuwa theluji mpya imepungua. Theluji inapoanguka juu ya barafuto, yaani ile barafu ya kudumu, hufanya kazi mbili kwa pamoja. Inaongeza akiba, na pia inamrudisha mnunuzi mlangoni, kwa sababu theluji safi hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa jua, ilhali barafu ya zamani iliyochafuka kwa vumbi huumeza. Msimu wa mvua ukiwa hafifu, hasara inakuwa ya pande mbili. Kuna dalili nzuri, zikiwamo zile za kushuka kwa kina cha maziwa makubwa, kwamba Afrika Mashariki iliingia katika kipindi kikavu zaidi kuelekea mwisho wa karne ya 19, na hilo linaafikiana na alichokiona Meyer mwaka 1898.

Hapa inafaa kwenda taratibu. Kusema kwamba ukavu ulianza kazi si sawa na kusema kwamba ongezeko la joto duniani halihusiki. Joto la bahari ya Hindi lina mkono katika mvua na theluji inayofika mlimani, kwa hiyo hewa ya kileleni inaweza kubaki chini ya sifuri na barafu ikaathirika kwa njia ya mzunguko. Aidha, watafiti wakiongozwa na Mmarekani Lonnie Thompson, waliochimba barafu hiyo mwaka 2000, walikuta katika tabaka za juu alama za kuyeyuka na kuganda tena ambazo hawakuziona katika tabaka za chini. Wengine wanaupa uzito zaidi upungufu wa theluji. Vipimo vya kituo cha kileleni vina umri wa miongo michache tu, umri mdogo kwa ugomvi unaohusu zaidi ya karne moja. Utabiri nao umekuwa na ajali zake: mwaka 2002 kundi hilohilo la Thompson lilikadiria kwamba barafu ingekwisha kati ya 2015 na 2020, na miaka hiyo ikapita barafu ikiwapo, ingawa imepungua na kuvunjikavunjika.

Zimebaki zile kuta, ambazo ndizo zinazoipa picha ya kila mpandaji uzuri wake. Ukuta wima ni adui wa barafu yenyewe, kwa kuwa theluji mpya haiwezi kushikilia juu yake. Ukisharudi nyuma, hauna namna ya kusonga mbele tena. Nyingi ya kuta hizo zinaelekea kaskazini au kusini, na jua huzipiga kwa zamu. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini wa kilele, na miezi iliyobaki huwa upande wa kusini. Ukuta unaopigwa na jua, ukiwa umejikinga na upepo na kupokea joto lililorudishwa na mchanga mweusi ulio miguuni pake, unaweza kufika nyuzi sifuri hata pale hewa iliyouzunguka iko chini ya hapo. Mlango wa bei nafuu hufunguliwa, na barafu huyeyuka kwa maana ileile ya mezani. Barafuto ya Furtwängler, iliyomo ndani ya kreta, ilipochimbwa mwaka 2000 ilikutwa imelowa maji.

Kuna jambo la pembeni ambalo wapandaji huliuliza sana, hivyo nalitaja kwa ufupi. Theluji iliyofunika kilele chote baada ya mvua za masika au vuli si barafuto iliyorejea. Nyingi yake hutoweka ndani ya siku au wiki chache. Na vijito vinavyovukwa siku ya kwanza na ya pili ya safari havitegemei barafu ya juu kwa kiasi kinachodhaniwa. Mteremko wa kusini, kwenye msitu wa ukungu ulio karibu na mita 2,200, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali kileleni hunyesha sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Moto unaoumega msitu kutoka ukingo wake wa juu ni tishio kubwa zaidi kwa maji hayo kuliko kupotea kwa kuta za barafu, ingawa hakuna anayesimama kuupiga picha.

Kuhusu swali la mwongozaji wangu, lilikuwa swali zuri lenye upungufu mmoja ambao sote wawili hatukuuona. Yeye, kama wenzake wengi, amefika kileleni mara nyingi sana, na karibu kila mara amefika alfajiri, akageuka na kushuka kabla ya jua kupanda, kwa sababu wageni hawawezi kukaa juu muda mrefu. Saa hiyo kila kitu kimegandishwa na usiku. Wachache wanaolala kambi ya kreta, nao ni wachache kwa sababu kulala juu ya mita 5,700 si jambo la kila mwili, ndio wanaokuwa karibu na kuta hizo adhuhuri. Mwezi Januari wanapaswa kutazama zile zinazoelekea kusini, mwezi Julai zile zinazoelekea kaskazini, na upepo ukitulia wasikilize: saa hizo ndizo zenye uwezekano mkubwa wa matone kudondoka kwenye mchanga, kidogokidogo, na kuzama.