Shefu, mtu anayetumika nyumbani usimsahau

Jambo yenu wote. Kwenye kituo chetu cha mafunzo ya kazi hapa Lubumbashi tunapokea mashefu wengi, yaani wakubwa wa kazi, na swali lao ni lilelile: watu wangu wanatumika nyumbani, yaani wanafanya kazi ya kampuni wakiwa kwao, mwanzo walikuwa na moto kabisa, mbona sasa wamepoa? Mimi nawajibu na methali, asiyekuwepo na lake halipo. Ugonjwa ndo uko hapo. Mtu haonekani biro (ofisini), basi na shida yake haionekani, na kazi nzuri amefanya haionekani, siku ya kupandisha watu cheo jina lake halimtoki mtu mdomoni, sasa moyo wa kazi utatoka wapi?

Wengine wanasema aah, wale wanalala tu. Hapana. Kuna kampuni ya China ya kuuza tiketi za safari, Ctrip, ilifanya jaribio kule Shanghai pamoja na wataalam wa Chuo Kikuu cha Stanford, matokeo yakatolewa 2015. Watu wa kupokea simu za wateja, sehemu moja walitumika nyumbani siku 4 kwa juma, wengine wakabaki biro, miezi 9 nzima. Kazi ya wale wa nyumbani ikapanda asilimia 13 na wenye kuacha kazi wakapungua nusu. Lakini sikiliza na upande wa pili: ukilinganisha watu wenye matokeo sawa, wa nyumbani walipandishwa cheo mara chache kuliko wenzao, na jaribio lilipoisha wengi wakachagua kurudi biro, upweke ukiwa sababu kubwa. Walitumika vizuri, lakini walisahaulika.

Sasa tuje kwetu. Biro ina jenereta na intaneti, mtu akifika anakaa tu anaanza kazi, hakuna mwenye anamuuliza pesa ya kurant (umeme). Yule wa nyumbani, wa mitaa yetu ya Katuba ama Ruashi, kurant ikikatika ni shida yake, mega za intaneti ananunua na mfuko wake, na mshahara ukipita kwa simu, M-Pesa ama Airtel Money, fre (ada) ya kutoa pesa inamkata tena yeye. Huyo mtu analipa ili atumike! Halafu tunamtumia meseji ya kumpa moyo. Ndugu zangu, anza na mega, kampuni ilipe forfe (kifurushi) yake kila mwezi, na mpange mapema siku za delestaji, kurant ikikatwa kwa zamu, atafanya nini, kuna kazi nyingi zinaweza kungoja kurant irudi usiku bila mtu kuulizwa ulikuwa wapi.

Na saa jamani, saa! Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa 1. Shefu wa kule anaweka reunyo (mkutano) 17:00, kwake bado ni kazi, huku ni 18:00, jua linazama, mama yuko anasonga bukari, watoto wanalia, na yeye anatafuta pembe yenye netwaki. Mara moja si kitu, kila juma inachosha sana. Sheria yetu ya kazi ya 2002 imeweka saa 45 kwa juma, na haisemi kwamba nyumbani hazihesabiwi.

Kuna na mashefu wenye wanataka kamera iwake siku nzima ili wamuone mtu. Video ndo inakula mega kuliko vyote, na inamwambia mtu hatukuamini. Mpatane Jumatatu kitu gani kitakuwa kimeisha Ijumaa, halafu umwache apange siku yake. Mtu mzima anapenda kazi akiwa na nafasi ya kujiamulia, na akiona kweli anaiweza.

Cheo pia usiamue kwa kukumbuka kichwani, kichwa kinakumbuka wale umekutana nao koridoni. Andika majina yote na kazi ya kila mmoja, ndo uchague.

Kitu chenye kimeniuma mimi mwenyewe ni cha mama mmoja alikuja kwetu kwa mafunzo, alikuwa anafanya mahesabu ya kampuni moja ya mbali. Baba yake alikufa, wakakaa kilio, na yeye usiku alikuwa anatuma mafaili sababu hakuna mtu alimuuliza chochote, na yeye aliogopa kuomba. Ingekuwa biro, siku ileile wenzake wangechanga, wangekuja kukaa naye. Sheria ileile ya 2002 inampa siku 4 za kazi mtu akifiwa na mzazi wake, na yeye hakupata hata moja. Wenzake walikuja kujua baada ya wiki mbili. Mwezi uliofuata akatafuta kazi pengine, na kwa pesa kidogo kuliko ile.

Ndo maana tunaomba kila shefu apigie kila mtu wake wa mbali mara moja kwa juma, dakika 15, sauti si meseji, na ile simu isianze na ripoti, ianze na habari za nyumba, mgonjwa anaendeleaje, watoto wamelipiwa masomo, ndo kazi ifuate. Na pesa ya ile simu iingizwe kwa bajeti, isiwe yeye ndo anabip shefu.