Nyota tano za Honduras si mikoa, jamani

Kila Honduras wakicheza mpira lazima aibuke mtu wa kutueleza kwamba zile nyota tano kwenye bendera yao ni mikoa mitano ya nchi. Honduras ina mikoa 18, sasa hizo 13 nyingine zimeenda wapi?

Bendera yenyewe haina mambo mengi. Milia mitatu iliyolala, bluu, nyeupe, bluu, na nyota tano za bluu kwenye ule mlia mweupe, moja katikati na nne kwenye pembe zake. Bluu mbili ni bahari mbili, Pasifiki na Karibiani, nyeupe ni amani. Basi.

Nadhani tatizo linatoka Marekani, watu wameshazoea kwamba kule kila nyota ni jimbo, kwa hiyo wakiona nyota popote wanahesabu majimbo. Ila za Honduras zinahesabu nchi. Eneo lile la nchi tano za Amerika ya Kati lilitangaza uhuru kutoka Hispania tarehe 15 Septemba 1821, likaingia Mexico kwa muda mfupi, likatoka, na mwaka 1823 wakaunda shirikisho lao la Amerika ya Kati, nchi moja yenye bendera moja ya bluu-nyeupe-bluu, inayosemekana ilifuata ile ya Argentina. Halafu wakagombana wee, mpaka kufika 1838 wameanza kujitoa mmoja mmoja, Honduras ikiwemo. Kwa hiyo anayesema mikoa hajakosea saaana, ni kweli zile nyota zilikuwa sehemu za nchi moja, ila nchi yenyewe ilishavunjika na Honduras ni nyota moja tu kati ya hizo tano. Waliziweka mwaka 1866, shirikisho likiwa limeshakufa zamani, kwa matumaini kwamba siku moja watarudiana.

Na ndio maana bendera za huko zinafanana, hakuna aliyemuibia mwenzake, wote wamerithi. El Salvador na Nicaragua wameweka nembo ya pembetatu katikati, na ukivuta picha karibu utaona ndani yake volkano tano zimepangwa mstari kati ya bahari mbili. Tano zilezile! Guatemala wao waliisimamisha milia mwaka 1871 wakamuweka ndege wao, quetzal.

Kuna na wanaosema eti Honduras ilibadilisha bendera 2022. Sheria ya 1949 ilishasema bluu iwe ya feruzi, watu wakawa wanapeperusha bluu iliyokoza miaka yote, serikali ya Xiomara Castro, rais wa wakati huo, ilipoingia ikarudi kwenye sheria.

Halafu ukihesabu hizo nchi tano usiitie Panama, ilikuwa Colombia mpaka 1903, wala Belize, hiyo ilikuwa ya Mwingereza mpaka 1981. Wa tano ni Costa Rica, yule aliyeongeza nyekundu mwaka 1848 ndio maana wengi wanamsahau.