Dravyaguna: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli Kuhusu Dawa za Mimea za Ayurveda

Mwarobaini tumeupata kutoka Bara Hindi, na huku kwetu tukaupa jina la magonjwa arobaini. Huko kwao unaitwa nimba. Ukimpa jani lake mwanafunzi wa dravyaguna, tawi la Ayurveda (tiba ya jadi ya India) linalochunguza mimea ya dawa na sifa zake, hatakutajia arobaini. Ataanza kwa kusema: ni chungu, ina ukakasi kidogo, tabia yake ni baridi. Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya niandike, kwa sababu dawa hizi zinasifiwa kupita kiasi na kudharauliwa kupita kiasi, mara nyingi na watu ambao hawajawahi kuuliza zinasomwaje.

“Ni mitishamba ya kubahatisha tu, haina elimu.”

Elimu ipo, na ina mpangilio. Kila mmea huulizwa ladha yake kwanza, nazo ni sita: tamu, chachu, chumvi, kali, chungu na ukakasi. Kisha sifa zake, kama uzito au wepesi, ukavu au mafuta. Halafu nguvu yake, kama ni ya moto au ya baridi. Halafu ladha inayobaki baada ya tumbo kuusaga.

Kuna swali la tano, nalo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kitabu cha kale cha Charaka, tabibu wa Ayurveda, kinataja mimea miwili, chitraka na danti. Yote ni mikali, nguvu yake ni ya moto, na baada ya kusagwa tumboni inabaki mikali vilevile. Kwa hesabu hiyo ilipaswa kufanya kazi moja. Lakini danti huharisha, chitraka haiharishi. Wazee hawakuficha jambo hilo wala kulilazimisha liingie kwenye kanuni. Waliliita prabhava, yaani athari ya pekee ya mmea ambayo kanuni zao hazikuweza kuieleza. Kukiri hivyo ni uungwana wa kielimu.

Hata hivyo, mpangilio mzuri si ushahidi wa tiba. Uchungu wa jani haukuambii kama homa itashuka.

“Imetumika zaidi ya miaka elfu mbili, kwa hiyo imeshathibitika.”

Umri wa dawa unatuonyesha pa kutafuta. Hautuambii tutakachokikuta. Tazama mimea miwili ya huko huko India.

Wa kwanza ni sarpagandha, kichaka kifupi ambacho mizizi yake ilitumika tangu zamani kwa wendawazimu, kukosa usingizi na kuumwa na nyoka. Mwaka 1931 mkemia Salimuzzaman Siddiqui alitenga kutoka kwenye mizizi hiyo kemikali aliyoiita ajmalini, kwa heshima ya tabibu mashuhuri wa India, Hakim Ajmal Khan. Mwaka 1949 daktari wa moyo wa Bombay, Rustom Jal Vakil, alichapisha katika jarida la Uingereza matokeo ya wagonjwa wake wa presha waliotibiwa kwa mizizi hiyo. Mwaka 1952 watafiti wa kampuni ya Ciba, Uswisi, wakatangaza wameipata reserpini, kemikali inayoshusha presha na kutuliza akili. Iliingia hospitalini duniani kote. Kisha ikaonekana kwamba wapo wagonjwa wanaozama katika huzuni nzito wakiitumia kwa dozi kubwa.

Wa pili ni guggul, utomvu wa mti wa jamii moja na manemane. Maelezo ya kale kuhusu unene na mafuta mwilini ndiyo yaliyompa Satyavati, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Banaras, wazo la kuujaribu kwa sungura miaka ya 1960, na matokeo yakatia moyo. Lakini jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2003, kwa watu 103, lilikuta lehemu mbaya imepanda kidogo badala ya kushuka, na baadhi yao wakatoka vipele. Vitabu ni vya kale, heshima ni ile ile, majibu yamepishana.

“Dawa ya asili haina madhara.”

Hii ndiyo inayoniumiza zaidi, maana inaua. Ayurveda yenyewe haijawahi kusema hivyo. Charaka anaonya kwamba sumu ikitumiwa vizuri huwa dawa, na dawa ikitumiwa vibaya huwa sumu. Mzizi wa vatsanabha una sumu inayoweza kusimamisha moyo, ndiyo maana huchemshwa kwanza kwenye maziwa ya ng'ombe au kulowekwa kwenye mkojo wake. Maabara zimeonyesha kwamba maandalizi hayo huivunja sehemu kubwa ya sumu hiyo. Anayeuza mzizi huo mbichi anauza kifo.

Mwaka 2003 watafiti walinunua bidhaa 70 za Ayurveda katika maduka ya eneo la Boston. Bidhaa 14 zilikuwa na madini yenye sumu: risasi, zebaki au arseniki.

Na mwarobaini wetu? Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wachanga walionyweshwa mafuta yake: walitapika, wakasinzia, wakapata degedege, na wengine wakafa. Mama, usimnyweshe mtoto mafuta ya mwarobaini, hata kijiko kimoja.

“Manjano kidogo kwenye chai yanatosha kutibu.”

Kurkumini, kemikali inayosifiwa, ni kama asilimia 3 tu ya manjano, na mwili huipokea kwa shida. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore waliwapa watu gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini, ukali wa pilipili manga, na kiasi kilichoingia kwenye damu kikaongezeka mara 20. Ayurveda imechanganya pilipili na dawa nyingine kwa karne nyingi. Lakini piperini haichagui. Huongeza pia dawa za hospitali kwenye damu, ikiwemo fenitoini ya kifafa, kwa hiyo anayemeza fenitoini amwonyeshe daktari wake kopo la vidonge vya manjano kabla hajalifungua.